Wimbo wa Kuingiza Ng'ombe

Mama zangu, dada zangu, na ninyi baba mliokuja kwa sababu mmesikia kutakuwa na chai, niliombwa nisimame hapa niseme kwa upole. Mwenyekiti wetu alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mwalimu, leo ni siku ya jamaa na watoto. Usituchome." Nimemwahidi kwamba nitajaribu. Lakini jambo hili sijui kulisema bila hasira, na hasira yenyewe nimekwisha kuigawa: sehemu ndogo ni ya walionifundisha, sehemu kubwa ni yangu mwenyewe. Hakuna ya kwenu. Kwa hiyo kaeni bila wasiwasi, mpakate watoto wenu.

Wengi mnanijua. Mume wangu anabadilisha njia za treni pale stesheni. Tunakaa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na pazia katikati, watoto wawili. Kwetu ni magharibi, Nyanza ya Kaskazini, ingawa leo nitasema kila kitu kwa Kiswahili kwa sababu tulioko hapa ni wa kabila nyingi na sitaki hata mmoja apitwe.

Nilisoma mpaka sekondari. Wasichana tuliofika huko tulikuwa wachache sana, na tuliambiwa hivyo kila asubuhi mpaka vichwa vikavimba. Tuliimba kwa do-re-mi, sauti nne, kinanda kikituongoza. Jumamosi tulipokuwa tukipepeta mahindi ya wiki, tulizoea kuimba nyimbo za kwetu, kwa maana mikono ikifanya kazi mdomo nao hautaki kukaa bure. Siku moja mwalimu mmoja akatusikia. Simtaji, alikwisha kwenda zake. Alituambia kwamba kila wimbo usiokuwa ndani ya kitabu ni kamba, na mwisho wa kamba hiyo uko gizani. Tukapigishwa magoti kwenye kokoto. Nilipoinuka niliamini. Sikuamini kwa sababu ya magoti. Niliamini kwa sababu msichana anayetaka kuitwa mwenye elimu huamini upesi.

Nikaolewa, nikaletwa Nakuru, na kanisa likanipa watoto wa shule ya Jumapili. Hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo leo naionea haya. Kila Jumapili, kabla ya somo, niliwauliza watoto, "Nani wiki hii amemsikia nyanya yake au mama yake akiimba nyimbo za zamani nyumbani?" Watoto hupenda kumfurahisha mwalimu. Mikono iliinuka. Mimi niliandika majina, na jioni nilituma barua kwa wazazi. Barua fupi, mwandiko mzuri. Wengine mlioketi hapa mlizipokea. Namwona mama mmoja pale anatazama chini. Usitazame chini, mama, mwenye kutazama chini ni mimi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, watu wakisemana kila mahali kwa wakubwa wa serikali, na mimi msomi nikawafundisha watoto wenu wadogo kuwasema nyanya zao.

Sasa sikilizeni yalivyonirudia.

Nilipomzaa binti yangu, mama mkwe alikuja kunisaidia. Ni mjane, mkono wake mwepesi, ulimi wake mwepesi zaidi. Alinikuta nasoma kitabu huku nimempakata mtoto, akauliza kama mtoto huyu ananyonya maziwa au ananyonya wino. Tulipatana vizuri. Mtoto alipoanza kula uji, nyanya yake ndiye aliyemlisha, na alimlisha kwa wimbo. Kwetu wimbo huo kila mama anao. Jioni imefika, ng'ombe wanarudi, boma liko wazi, na mlishaji anawaita mmoja mmoja aingie:

*Mwekundu wa babu, ingia.*

Mtoto anaitika, "Aaa."

*Mwenye madoa, ingia.*

"Aaa."

*Mzee wa pembe moja, usisukumane, ingia.*

"Aaa."

Na kadhalika, mpaka bakuli liishe. Binti yangu kabla hajajua kusema "mama" alijua kuitikia ng'ombe. Mimi nikikaa upande wa pili wa pazia nausikia. Nilisema nitamwambia mama mkwe auache, lakini niliona haya. Nikaahirisha.

Halafu Jumapili moja nikauliza swali langu lile, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa kijana wangu mwenyewe, wa miaka mitano. "Nyanya yetu," akasema, "kila siku, na ng'ombe ni wengi." Darasa zima likacheka.

Nilikwenda nyumbani hata kofia sijavua. Kwa bahati mbaya niliwakuta mama wawili wa kanisa wamekuja kumwona mtoto, na nikaona bora wasikie, wajue kwamba kwangu hakuna upendeleo. Nikamwambia mama mkwe mbele yao kwamba wimbo ule ukome. Hakukasirika. Aliniuliza, "Mwalimu, ndani yake kuna jina la shetani gani? Nionyeshe, tulitoe, tuimbe linalobaki."

Mtu asiyekuwa na jibu huongeza sauti, nami nikaongeza. Nilimtaka aahidi. Akaahidi, mbele ya wageni wale wawili, kwamba hatauimba tena chini ya paa langu wala kwa mtoto wangu. Kisha akasema kwamba kulisha mtoto akiwa bubu hawezi, si kazi aliyofundishwa, na kwamba viazi vyake nyumbani vinamngoja. Wiki haikuisha akaondoka. Mume wangu alimsindikiza kwenye treni. Mume wangu si mtu wa maneno. Aliporudi alikaa akapiga viatu rangi, viatu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupigwa rangi.

Nikabaki na kijiko changu.

Mtoto alikataa uji siku ya kwanza. Nilimwimbia wimbo wa kitabu, ubeti wa kwanza mpaka wa nne, akanitazama vizuri sana mdomo ukiwa umefungwa. Siku ya tatu nilifanya lile ambalo wengi wenu mnalijua na hamlisemi: nilimpakata, nikambana pua, akashindwa kupumua, akafungua mdomo, nikamimina. Ukilisha hivyo bakuli linaisha, hilo sikatai. Lakini nawaambia, mtoto anajifunza. Kila siku alizidi kuukaza mdomo, na kila siku nami nilizidi kuubana. Ikafika mahali akiona kijiko tu, hata kijiko cha kukorogea chai, anauma meno.

Ndipo ukaja ukambi.

Mnakumbuka kiangazi kile, upepo ulivyokuwa ukiinua vumbi jeupe la ziwani mpaka nguo kwenye kamba zinakuwa na chumvi. Ukambi ulipita landhi nyumba kwa nyumba. Kijana wangu ulimgusa ukamwacha. Binti yangu ulimwangusha. Homa, macho yamefumba, kuhara, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Tulimpeleka hospitali, akalazwa kwenye wadi ya watoto wenye ukambi, vitanda viko karibu karibu, kila mama ameketi chini kando ya wake.

Nesi wa wadi hiyo alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimtazama mtoto, akanivuta kando. Alisema homa wameiona nyingine kali kuliko hiyo, itashuka. "Hofu yangu ni maji," akasema. "Anayapoteza, na hayarudishi. Akinywa ataishi. Nakuachia kikombe na kijiko, mama. Kidogo kidogo, usichoke."

Ni maji tu, yenye sukari na chumvi kidogo. Dawa iliyokuwa ikitakiwa iko ndani ya kikombe cha bati, na mimi ninayo mkononi.

Nikanyanyua kijiko. Mtoto wangu, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, alikaza meno.

Mama zangu, mmeelewa? Nguvu kidogo iliyobaki katika mwili ule wote aliitumia kunizuia mimi. Nilikuwa nimemfundisha vizuri. Nikijaribu kumbana pua, kifua chake kinaruka vibaya, nesi akanizuia. Nikijaribu kidole, anaumia midomo, damu inatoka. Siku ya kwanza akanywa vijiko vitatu. Ya pili, labda viwili. Nilimwimbia nyimbo zote nilizofundishwa, kwa sauti nzuri, na namwomba Mungu anisamehe, hata katika saa ile nilijali kama nimeshika sauti. Nyimbo hizo ni nzuri. Nazipenda mpaka leo. Lakini mtoto wangu alikuwa amezoea kwamba zikiimbwa, yeye hubanwa pua. Alinigeuzia uso ukutani.

Na sasa nasema lile ambalo sijalisema mbele ya watu. Ule wimbo wa ng'ombe, mimi nilikuwa naujua. Wote. Mama yangu alinilisha kwa huo. Uliketi mdomoni mwangu siku mbili nzima nikitazama ngozi ya mtoto wangu ikilegea, nikaumeza. Kwa nini? Kwa sababu wale mama wawili wa kanisa walikuwa wanakuja kila alasiri kuomba nami, nao walikuwa wamenisikia nikiukataza. Niliogopa watanicheka. Mtoto anakauka, mimi nalinda jina la mwalimu. Mtu akitaka kujua kwa nini nina hasira, ni hapo.

Mume wangu hakuniuliza ruhusa. Asubuhi ya siku ya pili alimpa gadi wa treni ya kwenda magharibi maneno ya mdomo, gadi akampa mwenzake mbele, na mwenzake akayafikisha mpaka stesheni ndogo ya kwetu, ambako mtu wa kubeba mizigo alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani. Ndivyo watu wa reli wanavyotuma habari, bila karatasi. Siku ya tatu, saa za kuona wagonjwa, mama mkwe akaingia wadini. Alikuwa amesafiri daraja la tatu, usiku kucha amesimama, kitambaa chake cha kichwa kimejaa moshi. Wale mama wawili wa kanisa walikuwapo, wamepiga magoti upande mmoja. Mimi upande wa pili.

Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alimgusa mtoto chini ya miguu, akamgusa utosini. Akauliza, "Ameimbiwa?"

Nikasema nimemwimbia za kitabu.

"Sikuuliza hizo."

Nikasema, nikiwa na haya, "Basi mwimbie wewe, Mama."

Akatikisa kichwa. "Mimi niliahidi mbele ya hawa. Na mimi pia nimebatizwa, mwalimu, hata kama hujui kitabu changu cha nyimbo kiko wapi. Sivunji ahadi yangu. Lakini wewe hukuahidi kitu. Imba."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nimesahau. Halafu akasema, wala si kwa ukali, "Mama yako alikulisha kwa kitu gani? Kwa sheria?"

Akachukua kikombe kutoka mkononi mwangu, akajaza kijiko, akainama, akangoja.

Nikaimba. Sauti yangu ile ya sauti nne, iliyofunzwa, haikuja. Ilitoka nyingine, ya puani kidogo, ya nyumbani, kama sauti ya mama yangu akiwa na kuni kichwani. *Mwekundu wa babu, ingia.* Hakuna kitu. *Mwenye madoa, ingia.* Hakuna. Nikaona kope zinatikisika. *Mzee wa pembe moja, usisukumane, ingia.*

Na mdomo ukafunguka.

Sauti hakuwa nayo. Hakuweza kusema "Aaa." Alifungua tu, kama mlango wa boma, kwa sababu ng'ombe ameitwa na mtu lazima aitike, na nyanya yake, mkono ule mwepesi, akapitisha kijiko kabla mdomo haujafunga. Akameza. Nilisikia akimeza. Ng'ombe mwingine, akafungua. Kijiko. Mwingine. Kijiko.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoona kitu ambacho nimelishwa nacho tangu utotoni na sikukijua. Kwa nini mtoto huitika "Aaa"? Mbona si "mmm," mbona si kupiga makofi? Kuna nyanya fulani, zamani sana, jina lake hakuna anayelijua, aliketi na mtoto mgonjwa anayekataa kijiko, kama mimi. Hakubana pua. Alifikiri. Akaona kwamba mtoto hafungui kwa amri, lakini ataitika akiitwa, na akiitika kwa "Aaa" mdomo hufunguka mpaka nyuma. Akautunga. Akamfundisha binti yake, naye wake, naye wake, mpaka kwa mama yangu, bila kalamu, na katika safari hiyo yote hakuna aliyeuangusha. Isipokuwa mimi, mwenye cheti.

Niliogopa. Siwezi kuiita hali hiyo kwa jina lingine. Musa alipoambiwa avue viatu, nadhani alisikia hivyo miguuni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba Mungu alikuja kwetu na vitabu, kwa meli, halafu kwa treni. Na hapa alikuwa ameketi karibu na bakuli la nyanya zangu kabla ya reli, akiwatunza watoto kijiko kwa kijiko, ili siku moja mimi nipate kuzaliwa na kuja kumkataza.

Ng'ombe wa wimbo waliisha. Kikombe bado kilikuwa nusu. Nikamtazama mama mkwe, akaninong'oneza majina ya ng'ombe wa jirani, nikawaingiza hao. Walipokwisha, nikaingiza wa chifu. Mtoto wa kitanda cha pili alikuwa anatutazama, na mama yake, mtu wa upande wa Kericho, hakuelewa neno hata moja la lugha yangu, lakini "Aaa" haina kabila. Akachukua kijiko chake. Akaanza kuita, kwa Kikipsigis, sijui ni ng'ombe au ni mbuzi. Upande wa dirisha kulikuwa na mama Mkikuyu kutoka mashamba ya Njoro, ambaye siku zote tatu hakuwa amesema na mtu, kwa maana siku zile watu walikuwa wanaogopana. Naye alikuwa na wake, wa kuku. Nilimwelewa kwa vidole vyake vilivyokuwa vikidonoa. Na kila mmoja akiita, wadi nzima inaitika.

Halafu nikasikia "Aaa" nyingine nyuma yangu, nzito, ya mtu mzima. Alikuwa mmoja wa wale mama wawili wa kanisa. Yule niliyemwogopa zaidi. Alikuwa bado amepiga magoti, macho amefumba, machozi yanatiririka, na anaitikia ng'ombe. Baadaye aliniambia kwamba kwao wanao huohuo, ila kwao ni kondoo.

Nesi alikuja na jagi. Alisimama mlangoni nayo mikononi, hakuingia mpaka tulipomaliza. Kisha akapita akijaza vikombe.

Jioni ile binti yangu alimaliza kikombe na robo. Kesho yake viwili. Siku ya tano alisema "Aaa" kwa sauti, na mama mkwe akatoka nje akakaa kwenye ngazi peke yake kwa muda mrefu.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akisema mwalimu amehubiri kwamba wimbo unaponya ukambi. Hapana. Kilichomwokoa ni maji, na nesi aliyejua ni maji. Kwenye kitanda cha pembeni kulikuwa na mtoto mwanamume ambaye mama yake alimwimbia kama sisi, akaitika, akanywa, na bado asubuhi Mungu alimchukua. Mama huyo aliniambia anashukuru kwamba siku ya mwisho mtoto wake alicheza naye badala ya kupigana naye. Sijui mimi ningekuwa na moyo wa kusema hivyo.

Tuliporudi nyumbani nilianza kuzunguka landhi, mlango kwa mlango, kwa kila nyumba niliyoiandikia barua. Sikuandika nyingine. Nilikwenda kwa miguu na kusema kwa mdomo kwamba nilikosa. Nyanya mmoja alinicheka mpaka akakohoa; alisema ile barua aliwashia moto, na wimbo hakuuacha hata siku moja. Mwingine alinifungia mlango, na alikuwa na haki. Lakini kulikuwa na nyumba moja ambapo nilimkuta mama kijana tu. Nyanya alikuwa ameacha kuimba siku barua yangu ilipofika, kwa heshima, kwa sababu ilitoka kanisani. Mwaka uleule akarudi kwao, akafa. Nikamwuliza mama yule, wimbo ulikuwaje? Akasema anakumbuka ulikuwa na ndege. Mengine hajui. Wajukuu hawajui. Huo sina pa kwenda kuutafuta, na nitaulizwa juu yake siku ya mwisho.

Nawashukuru. Namshukuru mama mkwe, ambaye hata leo hajanidai samahani. Aliniomba tu nimnunulie chumvi nikipita dukani. Namshukuru mume wangu kwa kutoniuliza ruhusa. Namshukuru nesi, na gadi, na mwenzake gadi, na mbeba mizigo aliyekwenda kwa miguu na ambaye sijamwona uso. Namshukuru mama yule wa kanisa aliyeitika kabla sijawa na ujasiri wa kugeuka. Na Mungu, ambaye nilikuwa namlinda kana kwamba ni mtoto wangu, kumbe ndiye aliyekuwa ananilisha.

Somo langu ni fupi, na ni kwa wale kama mimi, tuliosoma. Kabla hujamkataza mzee jambo, mwulize linafanya kazi gani. Mwulize mara tatu. Akishindwa kukueleza, bado usikataze. Labda hata yeye anajua kwa mikono tu. Na nyimbo za kitabu tutaziimba, leo tutaziimba, watoto wamejifunza mbili nzuri. Lakini mpango wa leo nimeubadilisha bila kumwuliza mwenyekiti, naye atanisamehe.

Uji uko tayari kule nyuma. Sitawalisha mimi. Naomba kila nyanya aliye hapa apokee bakuli moja na mtoto mmoja, hata kama si wa nyumba yake, hata kama si wa kabila lake, na amlishe kama alivyolishwa. Sisi wengine tutakaa kimya, tuitikie. Na wewe kijana uliyeketi karibu na dirisha unayejua kuandika, chukua kalamu, uziandike nyimbo zao. Tunaanza na mzee kuliko wote.